Gusineki kwenye pikapu: kwa nini tani tatu na nusu za kuvuta si tani tatu na nusu za kubeba

Swali huja kwa sura ileile, liwe limetoka kwa mfugaji wa Kiruhura, mwenye boti Entebbe au mkandarasi wa Gulu: "Hilux yangu imeandikwa inavuta tani tatu na nusu. Nikitoboa bodi nikafungiwa tufe la gusineki, si nitavuta trela kubwa zaidi?" Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linahitaji penseli, maana ndani yake kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri: kifungo hiki cha kushikia trela katikati ya bodi, kinachosifiwa kwa nguvu, kikiwekwa kwenye pikapu ndogo hupunguza uzito wa trela unaoweza kuvuta kwa usalama. Nguvu yake ni ya kweli. Ila inakunywa kutoka mtungi tofauti na ule unaodhani.

Tuanze na chombo chenyewe. Trela ndogo tulizozoea kuziona nyuma ya pikapu hushikwa na tufe la chuma lililo nyuma ya bampa, chini, karibu na usawa wa magoti. Trela ya gusineki ina shingo ndefu inayopanda juu ya mlango wa nyuma wa bodi kisha inashuka katikati ya bodi, na kikombe chake kinakalia tufe lililofungwa palepale, juu ya ekseli ya nyuma. Malori yanayopanga foleni Malaba na Busia yanafuata wazo hilohilo, isipokuwa badala ya tufe kuna ile sahani nyeusi iliyojaa grisi nyuma ya kichwa cha lori, na trela inaingiza pini yake humo. Sahani ndogo za kufunga kwenye pikapu zipo pia, na Wamarekani wanazitumia hasa kuvuta nyumba za kusafiria. Kwa ng'ombe, majani makavu, trekta dogo au mabomba, tufe ndilo rahisi zaidi, kwa kuwa linaruhusu trela kuinama na kuinuka kila upande bila kupasua kitu, na ukiliondoa bodi yako inabaki bodi.

Uzito unaangukia wapi

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila trela inalalia gari linaloivuta. Trela ya tufe la bampa iliyopangwa vizuri hulaza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote kwenye tufe. Ikilaza pungufu ya hapo, mkia wake huanza kuyumba. Gusineki hulaza zaidi, asilimia 15 hadi 25, na kwa mizigo inayotembea yenyewe, yaani ng'ombe, ni busara kuhesabu 25 moja kwa moja. Ng'ombe hawajui mahesabu. Gari likifunga breki wote wanasogea mbele, na mbele ndiko shingo iliko.

Sasa angalia kinachotokea kwa gari. Chukua Hilux ya milango minne ya matoleo ya karibuni. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 3.1, na tufe la bampa liko kama mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukilaza kilo 350 kwenye tufe hilo, ekseli ya nyuma haipokei kilo 350. Inapokea karibu 490. Hizo 140 za ziada zimetoka mbele: mkia umekandamizwa, pua imeinuka, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamepunguziwa uzito. Ndiyo maana pikapu iliyolemewa nyuma hummulika dereva anayekuja machoni hata ikiwa na taa za chini, na usukani wake huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza.

Tufe likiwa juu ya ekseli, ule wenzo, yaani mkono unaotokeza nyuma ya ekseli, unakufa. Kilo 500 za shingo ni kilo 500 kwenye ekseli ya nyuma, na ya mbele haipotezi kitu. Likiwekwa sentimita tano mbele ya ekseli, magurudumu ya mbele yanapata hata nyongeza ya kilo nane hivi. Vilevile trela haina mkono mrefu wa kusukumia mkia wa gari kushoto na kulia. Basi kubwa likikupita kwa kasi kwenye barabara ya Masaka, trela ya bampa hupiga mkia, nayo gusineki hutikisika kidogo tu. Huo ndio utulivu unaosifiwa, na sifa hiyo ni ya haki.

Lakini utulivu huo umelipiwa kwa uzito. Trela ileile iliyokuwa ikilaza kilo 350 sasa inalaza 700 au zaidi, na zote zinahesabika kama mzigo uliopakia kwenye bodi. Kwa sheria za fizikia hakuna tofauti kati ya shingo ya trela na mifuko 14 ya saruji iliyopangwa juu ya ekseli yako.

Penseli mkononi

Kila gari lina bamba au karatasi, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, na kwenye kitabu chake, penye namba tatu zinazohitajika: uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakia, uzito wa juu kabisa wa gari na trela kwa pamoja, na uzito wa trela linaoruhusiwa kuvuta. Watu hukariri ile ya mwisho kwa sababu ndiyo inayotangazwa. Inayowafunga ni ile ya kwanza.

Hilux ya dizeli ya milango minne yenye magurudumu manne ya kusukuma ina uzito mtupu wa karibu kilo 2,100, na uzito wake wa juu kabisa ni karibu 3,050. Tofauti ni 950. Hizo ndizo pesa zako zote za matumizi. Watu wazima wanne wa kilo 75 wanachukua 300, zinabaki 650. Kifungo chenyewe, pamoja na mihimili yake ya chini, ni kilo 60 hivi, zinabaki 590. Hujapakia jerikeni, jeki, wala mkungu wa matoke wa kumpelekea shemeji.

Gawanya 590 kwa robo, maana robo ya trela inakulalia. Unapata kilo 2,360. Huo ndio uzito wa trela na kila kilichomo. Kama trela ya chuma ya ekseli mbili ina kilo 1,200 ikiwa tupu, umebakiwa na kilo 1,160 za mifugo, yaani ng'ombe wawili wakubwa wa kilo 400 kila mmoja, na ndama. Kwa hesabu ya asilimia 20 unafika 2,950, ila kwa ng'ombe nisingeiamini.

Linganisha na tufe la bampa. Trela ya kilo 3,500 inayolaza asilimia 10 inaweka kilo 350, ambazo kwa watu walewale wanne bado zinaingia ndani ya 950. Uzito wa pamoja unakuwa karibu kilo 5,900, ambao uko karibu sana na kikomo cha gari hili, kwa hiyo soma namba ya gari lako mwenyewe. Kwenye karatasi, basi, tufe la nyuma linaloonekana dhaifu linavuta trela kubwa kuliko gusineki inayoonekana imara, kwenye gari lilelile. Sisemi "kwenye karatasi" kwa kujikinga: trela ya tani tatu na nusu nyuma ya bampa inataka breki zake yenyewe, mzigo uliopangwa kwa akili, na dereva asiye na haraka. Lakini hesabu ndiyo hiyo, na haibadiliki kwa sababu shingo ni nene.

Wapo watakaosema, "Nitaongeza springi." Ni desturi yetu, na fundi wa springi yuko kila mji. Springi ya ziada inainua mkia wa gari, na gari linaonekana limekaa vizuri. Haikuongezea beringi za magurudumu, haikuongezea mirija ya ekseli, haikuongezea breki, na haikunenepesha chasi. Pikapu za milango minne zilizolemewa nyuma zina tabia ya kupinda chasi nyuma ya kabini, hasa mkia ukiwa umekazwa usishuke na barabara ni ya mashimo. Springi imeficha dalili tu.

Ni gari gani basi linalostahili

Gusineki ilikulia Marekani, kwenye mashamba yenye pikapu ambazo kwetu zingeitwa malori madogo: Ford F-350, Ram 3500 na wenzao, wakati mwingine zikiwa na magurudumu manne kwenye ekseli ya nyuma. Zilizokamilika zaidi hubeba tani tatu na zaidi kwenye bodi, na huvuta trela ya gusineki ya zaidi ya tani 15. Kwa magari kama hayo robo ya uzito si tatizo. Tatizo lingekuwa kulaza uzito huo nyuma ya bampa. Baadhi yake hutoka kiwandani na matundu ya kifungo tayari kwenye bodi, kama mnunuzi wa kwanza aliyaagiza. Hapa Uganda tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo magari hayo ni machache, na mengi yaliyopo yana kazi maalumu.

Kuna tokeo lingine la historia hiyo ambalo mnunuzi wa mtandaoni huligundua akiwa ameshalipa. Kampuni za Marekani zinazotengeneza vifungo hivi, kama B&W ya Kansas, huchora mihimili na mabano ya kila gari linalouzwa kwao, na tundu kwa tundu vinalingana na chasi. Hilux haiuzwi Marekani tangu Tacoma ichukue nafasi yake mwaka 1995. Kwa hiyo ukiagiza kifungo "cha Toyota" kutoka huko, kilichofika Kampala hakitakaa kwenye chasi yako bila kukatwa na kuchomelewa upya, na ukishakikata, uwezo ulioandikwa kwenye boksi haukuhusu tena. Tufe lenye muhuri wa pauni 30,000, yaani kama kilo 13,600, halimaanishi chochote likikaa juu ya bano la kubahatisha.

Gari linaloelekea kufaa kwetu ni Land Cruiser ya kabini moja ya mfululizo wa 70, ndugu yake zile kabangali za polisi. Uwezo wake wa kubeba ni zaidi kidogo ya tani moja. Tuseme 1,100. Watu wawili 150, kifungo 60, zinabaki 890. Gawanya kwa robo: karibu 3,560. Hapa uwezo wa kubeba na uwezo wa kuvuta wa tani tatu na nusu vinakutana karibu palepale. Siri haiko kwenye injini. Iko kwenye kabini fupi na watu wawili wasio na abiria. Bodi ndefu nayo inasaidia, kama tutakavyoona kwenye kona.

Mwenye Hilux ya milango minne asikate tamaa. Kama trela yake ikijaa haizidi tani mbili, gusineki itampa utulivu na kona fupi, na inaweza kustahili gharama. Kama anataka kupeleka ng'ombe sita mnadani kila wiki, akodi Canter au Fuso yenye bodi ya mbao kama wengine. Si aibu.

Kazi ya fundi

Ukishapita mtihani wa penseli, kazi yenyewe ni ya siku moja kwa karakana yenye vifaa, na asubuhi nzima inapaswa kuisha kwa kupima.

Jambo la kwanza kuelewa: sakafu ya bodi haibebi kitu. Ni bati lililokunjwa mifereji ili lisitetemeke. Tufe linakaa kwenye mhimili wa chuma ulio chini ya sakafu, mhimili unakalia mabano mawili ya pembeni, na mabano yanashika chasi. Tundu kwenye sakafu ni mlango wa kupitishia tu. Nimeona kazi ambapo sahani nene imewekwa juu ya bodi, bolti nne zimepita kwenye bati, na chini kuna washa kubwa. Fundi akaipiga kwa nyundo akasema, "Ssebo, hii haing'oki." Kweli sahani haikung'oka. Iling'oka pamoja na sakafu.

Ondoa plastiki ya bodi, shusha tairi ya spea, safisha. Angusha timazi kutoka kwenye bodi hadi katikati ya kitovu cha gurudumu, pande zote mbili, na upige mstari wa chaki kuunganisha. Huo ndio mstari wa ekseli. Tufe likae juu yake au sentimita tano hadi kumi mbele, kamwe lisiwe nyuma. Kisha tafuta katikati ya bodi kwa upana, na usipime kutoka ukingoni mwa bodi, kwani kingo zimeshagongwagongwa. Pima kutoka chasi hadi chasi, na uhakikishe kwa matao ya magurudumu.

Halafu ingia chini na tochi. Kwenye Hilux utakuta bomba la breki, kebo za breki ya mkono, waya wa taa za nyuma, bomba la kupumulia la difu (lile boksi la gia la katikati ya ekseli), na kwenye nyingi valvu ya breki inayoongozwa na fimbo iliyounganishwa na ekseli. Valvu hiyo hupima mkia wa gari umeshuka kiasi gani na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Fundi asiyeijua huipinda fimbo yake ili mhimili upite, na kuanzia siku hiyo breki za nyuma hazijui kama gari lina mzigo au halina.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni difu yenyewe. Mhimili unakaa juu ya ekseli, na ekseli haikai mahali pamoja. Ukiruka tuta ukiwa na mzigo, difu inapanda hadi raba ya kizuizi igonge chasi. Pima umbali kutoka ekseli hadi raba hiyo, kisha pima kutoka juu ya difu hadi mahali mhimili utakapokuwa. Namba ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza kwa nafasi ya kutosha, kwa sababu raba hubonyea. Vinginevyo difu itapiga mhimili kutoka chini wakati trela inaukandamiza kutoka juu, na kitakachopasuka kwanza ni bahati tu.

Toboa kwanza tundu dogo la majaribio kutoka juu, shuka chini uone limetokea wapi, na hapo ndipo msumeno wa duara wa sentimita kumi hivi upite. Kingo za tundu zipigwe msasa, praima na rangi siku hiyohiyo. Mkojo wa ng'ombe unakula bati lililo wazi upesi sana.

Kuhusu kuchomelea: mafundi wa Katwe, Kampala, wana mikono ya dhahabu, na mhimili na mabano waweza kuyaunda vizuri kabisa mezani. Kwenye chasi waweke chini mashine ya kuchomelea. Joto hubadilisha chuma cha chasi kando ya mshono, na ufa huanza hapo miezi baadaye. Mabano yafungwe kwa bolti. Ikibidi kutoboa chasi, tundu liwe kwenye ukuta wake wa pembeni, sehemu ya katikati, na sakafu zake za juu na chini zisiguswe, maana huko ndiko mvutano na mkandamizo ni mkubwa.

Bolti ziwe na namba kichwani. 8.8 ni ya chini kabisa ninayoikubali, 10.9 ni bora. Zile fito zenye nyuzi mwanzo hadi mwisho zinazouzwa kwa mita ni za kufungia mabati. Bolti ya milimita 16 ya daraja la 8.8 inakazwa kwa karibu nyutonimita 210, na ya milimita 12 kwa karibu 85. Kukaza "mpaka iseme" si kipimo. Spana ya kupima mkazo inakodishwa, na karakana isiyo nayo haikupaswa kupewa kazi hii.

Ukubwa wa tufe nao una mtego. Tufe la gusineki la kawaida lina kipenyo cha milimita 58.7. Tufe la bampa tulilolizoea Afrika Mashariki, kama Afrika Kusini na Ulaya, ni la milimita 50. Kikombe cha kubwa kitakaa juu ya tufe dogo, kitafungika kwa macho, na kitaruka kwenye tuta la kwanza. Soma namba iliyopigwa kwenye tufe na ile iliyopigwa kwenye kikombe, usilinganishe kwa jicho.

Breki, minyororo na waya

Minyororo miwili ya usalama ifungwe kwenye mhimili wa chini, kupitia pete zilizotokeza sakafuni. Kuifunga kwenye ndoano za kamba za pembeni ya bodi ni mchezo wa kuigiza.

Trela nyingi ndogo zinazotoka Ulaya zina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inasukuma kichwa chake na breki zinashika. Gusineki nyingi za Marekani hutumia breki za umeme, ambazo hazifanyi chochote mpaka pikapu ifungwe kontrola karibu na dereva. Mtu anaweza kuendesha mwaka mzima akidhani trela yake ina breki, ilhali waya wake haujawahi kupata umeme. Iwe ya aina yoyote, pawe na kebo ya dharura iliyoshikwa kwenye pikapu, na ile ya umeme iwe pia na swichi yenye betri yake kwenye trela, ili trela ikichomoka ijifunge breki yenyewe. Mteremko wa Kanaba kati ya Kabale na Kisoro si mahali pa kujaribia kama unaihitaji.

Taa ni rahisi lakini zinakosewa kila siku. Pikapu ni volti 12, malori mengi ni 24. Balbu za trela ya lori zikifungwa kwa pikapu huwaka hafifu, na za pikapu kwa lori huungua. Soketi ya pini saba ya duara iliyozoeleka kwetu na ile bapa ya Marekani hazilingani hata kwa mpangilio wa waya. Ifunge ndani ya ukuta wa bodi, mbele ya mlango wa nyuma, ili kebo isikatwe mlango unapofungwa.

Kabla ya kutoka karakana

Funga trela tupu, komea kikombe, kisha zungusha jeki ya trela ukiinua shingo. Kama komeo limeshika kweli, mkia wa pikapu utainuka pamoja nayo. Kama kikombe kinaachia, ni bora kiachie hapo. Baada ya hapo tembeza polepole, kata kona kabisa kulia, kisha kushoto, mtu akiwa chini anaangalia umbali kati ya shingo na kioo cha nyuma cha kabini. Bodi fupi ya milango minne haina nafasi kubwa hapo, na pembe ya trela pana huingia kioo bila kubisha hodi. Vipo vikombe vilivyopinda vinavyoisogeza shingo ya trela nyuma kidogo, navyo vinasaidia, ila si ruhusa ya kurudisha tufe nyuma ya ekseli.

Pima pia nafasi ya juu: kati ya tumbo la shingo na ukingo wa bodi pawe na sentimita 15 hivi trela ikiwa imejaa. Kwenye lami unaweza kudhani ni nyingi mno. Kwenye barabara ya marramu ya Nakasongola, gurudumu moja la pikapu likitumbukia kwenye mfereji wakati trela bado iko juu, utaziona zikiisha zote. Na usitatue hilo kwa kuinua pua ya trela, kwa sababu trela iliyoinuka pua hutupa mzigo kwenye ekseli yake ya nyuma peke yake.

Upande wa serikali, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 inaihesabu trela kama chombo cha kusajiliwa, si kiambatisho cha gari. Mpeleke afande wa ukaguzi wa magari picha na vipimo kabla hujatoboa, na mwandikie kampuni ya bima kwamba gari limebadilishwa. Mwenye ng'ombe ana karatasi moja zaidi, kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya, na karantini ya ugonjwa wa midomo na kwato ikitangazwa hakuna kifungo kitakachomsaidia.

Mjini, kumbuka kwamba gusineki hukata kona kwa ndani kuliko trela ya bampa. Tufe la bampa hutupa pua ya trela nje kidogo gari linapogeuka, jambo linalosaidia magurudumu yake kufuata. Lililo juu ya ekseli halina msaada huo, hivyo trela inavutwa moja kwa moja kuelekea ukingo, pale ambapo bodaboda hujipenyeza. Kwenye mzunguko wa Kibuye nenda upana wote unaoweza, na kioo cha upande wa ndani kisikutoke machoni.

Baada ya kilomita kama 100 za kwanza zenye mzigo, rudi chini ya gari na spana ileile na ukaze bolti zote upya, kwa sababu rangi na kutu vilivyokuwa kati ya vyuma vimeshasagika. Ukiona unga wa rangi ya kahawia umezunguka kichwa cha bolti, au mstari mwembamba unaong'aa pembeni ya bano, chuma kinacheza. Shusha mzigo hapohapo, ukague bano hilo kabla hujalikaza.